Mshahara, Makato na Ushuru wa Yaya: Maswali Ninayoulizwa Kila Mwisho wa Mwezi

Mimi ni mhasibu wa biashara ndogondogo hapa Nairobi, na ni mama ambaye ameajiri mayaya wanne katika miaka kumi na mmoja. Maswali ya biashara huja mchana ofisini. Maswali ya yaya huja saa tatu usiku kwa simu, aliyepiga akinong'ona kwa sababu anayeulizwa habari zake yuko jikoni anaosha vyombo. Nimeyaweka pamoja hapa. Sheria ninazotaja ni za Kenya, na viwango vya mshahara ni vya amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024.

Kwani yaya ni mwajiriwa sawa na karani wa ofisini?

Ndiyo. Sheria ya Ajira ya 2007 haikuweka mlango wa kumtoa nje mfanyakazi wa nyumbani, na mwaka 2012 mahakama ya kazi ilitamka bayana kwamba analindwa na sheria hiyo pamoja na kima cha chini cha mshahara. Najua wengi tunapenda kusema "huyu ni kama mtoto wetu". Sina ubaya na maneno hayo, ila nimeona kwamba hutamkwa zaidi siku yaya anapoomba nyongeza.

Kima cha chini ni pesa ngapi?

Inategemea unaishi wapi. Nairobi, Mombasa na Kisumu, yaya yumo katika kundi la chini kabisa la amri hiyo, pamoja na mfagiaji na mlinzi wa mchana: KSh 16,113.75 kwa mwezi. Katika zilizokuwa manispaa, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, ni KSh 14,866.92. Kwingine kote ni KSh 8,596.49. Ndiyo maana mwenye nyumba Syokimau, iliyo Mavoko, na mwenzake wa Embakasi, iliyo Nairobi, ambao hukutana kwenye foleni ileile ya Mombasa Road kila asubuhi, wana viwango viwili tofauti.

Huo ni mshahara wa msingi. Yaya anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni anastahili pia marupurupu ya nyumba, ambayo ni asilimia 15 ya msingi. Kwa Nairobi jumla inafika KSh 18,530.81.

Watu wananiambia, "Lakini mtaani kwetu wote wanalipa elfu nane." Naam, wanalipa. Hebu piga hesabu ya anayelipa KSh 10,000 Nairobi: kila mwezi anabaki na deni la KSh 6,113.75, na mwaka ukiisha ni KSh 73,365. Deni hilo halionekani popote hadi siku yaya anapofika ofisi ya leba.

Analala kwangu na anakula kwangu. Si nikate hela za chumba na chakula?

Kwa kuwa umempa makao, hudaiwi marupurupu ya nyumba. Hapo ndipo nafuu yako inapoishia. Mshahara wa msingi unabaki palepale. Sheria imeorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya, na ugali wa jioni haumo katika orodha hiyo. Na makao yanayotajwa na sheria ni makao ya kufaa. Godoro linalotandikwa sebuleni wageni wakishaondoka, mimi nisingethubutu kulitetea mbele ya hakimu.

Haya makato ya serikali ni yapi hasa?

Ni manne, na la nne mara nyingi huwa sufuri.

La kwanza ni NSSF, akiba ya uzeeni: asilimia 6 kutoka kwa yaya na asilimia 6 kutoka kwako. La pili ni mchango wa bima ya afya, SHIF, unaosimamiwa na mamlaka iitwayo SHA na ulioshika nafasi ya ule wa zamani, NHIF, tangu Oktoba 2024: asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na haupungui KSh 300 hata mshahara ukiwa mdogo. Huu unatoka kwa yaya peke yake. La tatu ni tozo ya nyumba, chini ya sheria iliyoanza Machi 2024: asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako. La nne ni PAYE, ushuru wa mapato wenyewe.

Tuchukue mshahara ghafi wa KSh 20,000. NSSF ni 1,200, SHIF ni 550, tozo ya nyumba ni 300. Jumla ya makato ni KSh 2,050, na yaya anapokea KSh 17,950. Wewe unaongeza 1,200 ya NSSF na 300 ya nyumba. Kwa hiyo yaya wa elfu ishirini anakugharimu KSh 21,500, na katika hizo KSh 3,550 zinaenda kwa serikali na mifuko yake.

Kwa wanaopenda njia ya mkato: kwa mishahara ya kiwango hiki, makato ya yaya ni asilimia 10.25 ya ghafi, na nyongeza yako ni asilimia 7.5.

Na PAYE? Naogopa sana hilo neno.

Usiliogope. Kwanza tofautisha: kodi ni ya landilodi, ushuru ni wa KRA, mamlaka ya ushuru. Naanza hapo kwa sababu kuna aliyewahi kuniuliza kama yaya anayelala kwake anapaswa kulipa "kodi", tukazungumza dakika kumi kila mmoja akiwa na kitu chake kichwani.

PAYE inatozwa asilimia 10 kwa KSh 24,000 za kwanza, kisha asilimia 25 kwa KSh 8,333 zinazofuata, na kuendelea juu hadi kwa wenye mishahara ambayo yaya wetu hawaijui. Kila mtu ana nafuu ya KSh 2,400 kwa mwezi, na hiyo ndiyo asilimia 10 ya 24,000. Maana yake, elfu ishirini na nne za kwanza hazilipiwi chochote. Tena tangu mwisho wa Desemba 2024, NSSF, SHIF na tozo ya nyumba huondolewa kabla ya ushuru kuhesabiwa. Ukijumlisha yote, yaya haanzi kulipa PAYE hadi mshahara ghafi upite takriban KSh 26,700.

Akipata KSh 30,000: makato matatu ni KSh 3,075, kinachotozwa ushuru ni KSh 26,925, na PAYE inatoka KSh 731.25. Anabaki na KSh 26,193.75. Hakuna aliyefilisika.

Ila ushuru ukiwa sufuri, ritani, yaani taarifa ya mshahara na ushuru kwa KRA, bado inawasilishwa. Hapa ndipo wengi hunaswa. Faini ya kuchelewesha ritani ya PAYE ni KSh 10,000 au asilimia 25 ya ushuru, ipi iliyo kubwa, na kubwa hapo utaijua mwenyewe.

Tulipatana "elfu kumi na tano mkononi". Sasa nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye ugomvi mwingi. Mapatano ya Kenya ni ya mkononi. Yaya anauliza, "Utanipa ngapi?" Unasema kumi na tano. Yeye kichwani ameshaigawa: karo ya mtoto, chama, ya mama. Mwezi wa kwanza unampa 13,462 na maelezo. Maelezo hayo hata yawe ya kweli namna gani, kwake umemwibia.

Neno lako lilikuwa kumi na tano, basi libebe wewe. Gawanya 15,000 kwa 0.8975; unapata mshahara ghafi wa KSh 16,713. Huo ndio unaoandika kwenye mkataba. Ongeza sehemu yako, kama KSh 1,253, na gharama yote inakuwa karibu KSh 17,966. Kama huwezi kuzifikia hizo, ni heri ujue siku ya mahojiano.

Kwa yaya anayefuata, taja namba mbili kwa pumzi moja: "Mshahara ni elfu kumi na tisa, mkononi utapata elfu kumi na saba na hamsini na mbili, zilizobaki ni NSSF yako, SHA yako na nyumba." Niliposema hivyo mara ya kwanza, yaya aliniangalia, akauliza NSSF yake anaweza kuiona kwenye simu. Tulielewana siku hiyohiyo.

Yeye mwenyewe hataki kukatwa. Anasema nimpe zote.

Ninamwelewa. Ameona baba yake akifuatilia pesa za NSSF hadi viatu vikaisha, na kuhusu hospitali amesikia mengi. Lakini idhini yake haikuondolei wajibu. Hata akiandika barua na kutia sahihi kwamba hataki, barua hiyo haikusaidii. Anayedaiwa michango ni mwajiri.

Mimi huzungumza naye kuhusu SHA kwanza kwa sababu ndiyo ya karibu. Uliza kama ana mtoto kijijini. Mchango wake unamfunika na watoto wake, ikiwa amewasajili kama wategemezi wake. Kusajili kunafanyika kwa simu, *147#, na mkikaa pamoja jioni moja mtamaliza. NSSF mwonyeshe taarifa ya akaunti baada ya miezi mitatu, aone sehemu yako imeingia. Asilimia 6 unayomwongezea hataipata popote akipewa "zote".

Ninajisajilije, na tarehe ni zipi?

Unahitaji pini yako ya KRA, kisha kwenye iTax, tovuti ya KRA, uongeze wajibu wa PAYE. Unajisajili NSSF kama mwajiri, na SHA vilevile. Yaya anahitaji kitambulisho, pini ya KRA, namba ya NSSF na usajili wa SHA. Asiye na kitambulisho kwa sababu hajafikisha miaka 18, usimwajiri, na usikubali hadithi ya "atakitoa Disemba".

Tarehe ya kukumbuka ni tisa ya mwezi unaofuata. Lipa zote siku moja na ya mshahara, usizisubirishe. Mara ya kwanza itakula Jumamosi nzima na hasira kidogo. Kuanzia mwezi wa tatu ni nusu saa.

Jambo linalosahaulika: yaya mwenye pini anapaswa kuwasilisha ritani yake ya mwaka kufikia 30 Juni, hata kama ushuru ni sufuri, la sivyo faini ni KSh 2,000. Mpe mapema fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru wake wa mwaka, na ukiweza kaa naye mjaze ritani hiyo pamoja.

Nimlipe taslimu au M-Pesa? Na mama yake anataka mshahara uende kwake.

M-Pesa au benki. Ujumbe wa M-Pesa una jina, tarehe na kiasi, na umewaokoa waajiri wengi ninaowajua kuliko wakili yeyote. Hata hivyo pesa pekee hazitoshi. Sheria inataka umpe hati ya mshahara inayoonyesha ghafi, makato na anachobaki nacho. Karatasi ya daftari yenye sahihi mbili inatosha.

Kuhusu mama: mshahara unalipwa kwa aliyeufanyia kazi. Mtu mwingine anaweza kuupokea ikiwa yaya hayupo na amemruhusu kwa maandishi. Nje ya hapo, mtumie yaya, naye amtumie mama akitaka. Shangazi aliyekuletea msichana kutoka kijijini hana haki ya mshahara hata shilingi.

Nililipa ofisi ya wakala ili nimpate. Naweza kuzikata pole pole kwenye mshahara?

Hapana. Sheria inakataza kumkata mfanyakazi kwa ajili ya kupewa kazi au kubakizwa kazini. Ada ya wakala ni gharama yako. Na kushika kitambulisho chake "kama dhamana" ni tabia mbaya ambayo nashangaa bado ipo.

Amevunja simu yangu. Je, akiomba advansi?

Unaweza kukata kiasi cha haki kwa mali yako ikiwa aliiharibu kwa makusudi. Kikombe kilichoteleza kwenye sabuni hakimo humo. Ukikopesha, andikeni: kiasi, tarehe, miezi ya kulipa. Makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, lakini mimi kwangu sijawahi kufika hata theluthi moja. Mtu anayefanya kazi mwezi mzima kulipa deni hatafika mwezi wa tatu.

Saa za kazi ni ngapi? Yaya wangu anaamka saa kumi na moja.

Wiki ya kawaida ni saa 52, zikisambazwa siku sita, na siku moja ya kupumzika ni lazima. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko na sikukuu, mara mbili. Saa moja huhesabiwa kwa kugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225. Kwa kima cha Nairobi saa ni kama KSh 71.60, na ya ziada ni kama KSh 107.

Sasa kuwa mkweli. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kufunga chakula cha shule na kulala saa nne usiku amekuwa kwa zamu kwa saa kumi na saba. Toa mapumziko yote unayotaka, bado utapita 52 kabla ya Ijumaa. Suluhisho langu lilikuwa kuandika ratiba yenye mapumziko ya kweli mchana, saa nane hadi saa kumi, na baada ya saa mbili usiku watoto ni wangu. Ukitoka Jumamosi usiku na kumwachia mtoto, mlipe hiyo, tena kabla hujatoka.

Likizo, ugonjwa, mimba?

Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Safari ya Krismasi ni sehemu ya hizo siku, haiwezi kuwa zawadi. Akishafanya kazi miezi miwili, ana siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, akileta karatasi ya daktari. Uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na kumfukuza kwa sababu ya mimba ni kosa. Ndiyo, utalipa yaya wawili kwa miezi hiyo. Mwajiri wako alikulipa wewe ulipojifungua, sivyo?

Nina kampuni. Nimweke yaya kwenye orodha ya mishahara ya kampuni ili nipunguze ushuru?

Usifanye hivyo. Malezi ya mtoto wako ni gharama ya kibinafsi, na gharama za kibinafsi haziondolewi kwenye mapato ya biashara. Nimekataa wateja kwa hili.

Na mama fua anayekuja Jumamosi?

Akifua kwako siku moja na kwa wengine siku nyingine, mlipe siku hiyohiyo mwachane kwa amani. Akianza kuja kila siku, mwezi ukapita, sheria haimhesabu tena kama kibarua.

Yaya wangu anatoka Uganda.

Kuvuka Busia kwa kitambulisho ni ruhusa ya kuingia. Kufanya kazi kunahitaji kibali cha ajira. Makato ni yaleyale.

Akiungua jikoni?

Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inakutaka uwe na bima kwa ajili yake. Nyingi ya bima za nyumba zina kipengele cha wafanyakazi wa nyumbani kwa nyongeza ndogo. Uliza wakala wako wa bima, usome kama mtunza bustani naye amo.

Tunaachana. Namlipa nini?

Siku alizofanya kazi, likizo ambazo hakuchukua, na notisi ya siku 28 kwa maandishi au mshahara wake badala ya notisi. Kama unamwachisha kwa kosa, mweleze kosa na umsikilize kwanza, awe na mwenzake wa kumsimamia akitaka. Ukiruka hatua hiyo, mahakama inaweza kukuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Kisha kuna malipo ya utumishi. Aliyekuwa mwanachama wa NSSF hadai hayo. Asiyekuwa, anadai, na mahakama mara nyingi huhesabu siku 15 kwa kila mwaka. Hili nilijifunza kwa mfuko wangu. Yaya wangu wa kwanza alikaa nami miaka minne, wala sikumsajili popote. Mimi, mhasibu, niliyekuwa nikiwasajilia wateja wangu wafanyakazi wao kila wiki. Hatukuwa na mkataba pia, na sheria inasema kama hakuna maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichopatana ni wa mwajiri. Alipoondoka kwenda kuolewa, tuliagana kwa machozi. Baada ya wiki sita nikapata barua ya ofisi ya leba. Nilikasirika njia nzima hadi pale, nikiwaza mema niliyomtendea. Afisa alisikiliza yote, akaniuliza kwa upole: "Mama, hayo mema umeyaandika wapi?"

Nililipa utumishi wa miaka minne na likizo za miaka miwili. Pia alidai kitu kimoja ambacho sikukitarajia: cheti cha utumishi, karatasi moja inayosema alifanya kazi gani, tangu lini hadi lini. Ni haki yake kisheria, na alikihitaji kwa sababu alikuwa amepata kazi shule ya chekechea huko alikoolewa. Nilikiandika palepale kwenye meza ya afisa, kwa kalamu ya kuazima.